Taa ya geti haina kamera
Umeuliza kama taa yako ya sola ya getini inarekodi watu, kama jirani anavyosema. Haina kamera mkuu, jirani asikutishe. Kile kidude cheupe cha plastiki kwenye taa ya sola ni sensa ya joto, hakipigi picha. Mwili wa mtu hutoa mionzi ya infraredi, yaani mionzi ya joto, muda wote, mikali zaidi kwenye urefu wa wimbi wa kama mikromita 9 hadi 10, na jicho haliioni. Ndani ya sensa kuna vipande viwili vilivyokaa ubavu kwa ubavu. Ukikatiza mbele yake, kimoja kinapata joto lako kabla ya kingine, na tofauti hiyo ndiyo inawasha taa. Kwa hiyo anayepita kwa ubavu anadakwa upesi, anayeijia uso kwa uso anaweza kusogea karibu kabisa ndipo iwake. Mafundi wengi wanaifunga ikitazama njia moja kwa moja, makosa hayo.

Nafunga hizi taa hapa Moshi. Jioni za Februari, ukuta ukiwa bado umeshika joto na mwili wako hautofautiani nao sana, zinaona karibu tu. Julai, baridi ikishuka, zinakudaka ukiwa mbali.

Taa nyingi za hivi zinajua giza limeingia kwa paneli yenyewe ya sola: umeme wake ukishuka, basi usiku umeingia. Ukiweka paneli chini ya taa ya barazani, itadhani bado mchana.

Zenye kamera kweli zipo, ila hizo utaona tundu jeusi la lenzi, na mara nyingi sehemu ya kuchomeka memori kadi.