Bosi amekufa, na mwanangu ananiletea mwingine Jumamosi

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mjane wa miaka 54, nauza chai na maandazi hapa Morogoro. Kwa miaka tisa mbwa wangu Bosi alinisindikiza kila alfajiri, saa kumi na moja, hadi barabara ya lami. Nikishapanda bajaji ndipo anarudi. Mwezi uliopita aliacha kula, nikadhani ni uzee. Siku ya nne akatokwa damu puani. Daktari wa mifugo alisema ni homa ya kupe na damu imekwisha mwilini. Akafa usiku uleule. Nalia mpaka wenzangu wa kikoba wananicheka, na jirani anasema kumlilia mbwa ni kufuru. Mwanangu anasema dawa ya mbwa ni mbwa. Jumamosi ananiletea mtoto wa mbwa wa mwezi mmoja, na anataka tumwite Bosi. Nifanyeje?*
*Mama wa Kihonda*

Marahaba, mdogo wangu. Pole sana.

Wanaokucheka nimalizane nao kwanza. Hao wa kikoba waulize ni wangapi kati yao hutoka gizani peke yao saa kumi na moja. Jirani naye mwambie afungue kitabu cha Tobiti, kwenye Biblia ya Kikatoliki: Tobia alipoanza safari na malaika, mbwa naye alifuata. Na kama ni Mwislamu, anaijua hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Mungu akamsamehe dhambi zake. Kufuru iko wapi hapo? Basi, tuwaache.

Kilichonishika ni hilo la "nikadhani ni uzee". Barua yako nimeifupisha, lakini ulikoandika kirefu umelirudia mara tatu. Kwa hiyo zaidi ya kumlilia Bosi, unajishtaki.

Sitakudanganya. Homa ya kupe ikiwahiwa hutibika, tena kwa vidonge vya kawaida tu. Lakini ni ugonjwa mjanja. Mbwa anaweza kukaa nao miezi, hata miaka, anakula, anabweka, anasindikiza watu, kumbe mdudu yumo kwenye damu. Mpaka uone hataki chakula na ufizi umekuwa mweupe, mara nyingi mwili ulishachoka zamani. Hizo siku nne huenda zingesaidia, huenda zisingesaidia kitu. Wewe ulimwona mbwa wa miaka tisa amelala, na mbwa wa miaka tisa hulala. Ungejuaje?

Mimi nilikuwa na jike, Popi, akalishwa sumu na watu nisiowajua. Siku ya tatu baada ya kumzika nilisonga ugali, nikakwangua ukoko, nikatoka nao hadi uani. Nikasimama pale na bakuli kama mjinga. Mkono ulikuwa haujaambiwa. Nilikaa zaidi ya mwaka ndipo nikachukua mbwa mwingine, na huyo hakupenda ukoko hata kidogo. Nilimnunia wiki nzima kwa kosa la kutokuwa Popi.

Ndiyo maana Jumamosi mwambie mwanao hapana. Ana nia njema, lakini analeta kitoto kije kiitikie jina la marehemu. Atakapotafuna kandambili, au akisikia bodaboda usiku akajificha chini ya kitanda, utamwambia nini? Bosi hakuwa hivi. Jina hilo lizikwe na mwenyewe.

Halafu kuna kupe. Hao hawakufa na Bosi. Kupe wa mbwa hujificha kwenye nyufa za ukuta na chini ya mbao za banda, na anaweza kungoja miezi mingi bila kula. Ukileta mtoto wa mbwa sasa, umewapelekea chakula. Choma matandiko ya Bosi, ziba nyufa, umuulize ofisa mifugo wa kata dawa ya kupulizia, urudie kama atakavyokuelekeza. Hiyo peke yake ni kazi ya wiki kadhaa.

Na mwezi mmoja ni mdogo mno. Huyo bado anamhitaji mama yake. Aachwe mpaka afikishe wiki nane. Chanjo ya parvo, ule ugonjwa wa kuhara damu unaoua watoto wa mbwa, na wenzake huanza wiki ya sita hadi ya nane, hurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka miezi minne. Ya kichaa cha mbwa ni akitimiza miezi mitatu, kisha kila mwaka. SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wana hospitali ya wanyama hapo hapo mjini kwenu, kaulize gharama kabla hujampenda mtu.

Lakini alfajiri haingoji. Kitoto cha mbwa hakitakusindikiza hadi lami kesho wala mwakani mapema. Elewana na kijana mmoja wa bodaboda unayemfahamu akuchukue mlangoni, umlipe kwa wiki, na mwanao achangie hela aliyotaka kununulia mbwa. Ukishakuwa huhitaji mlinzi kwa haraka, ndipo utajua kama unataka mbwa. Ukimtaka, fikiria hata mbwa mkubwa ambaye mwenyewe anahama na hana pa kumwacha. Mitaani wapo. Na ukiona hutaki tena kabisa, hudaiwi na mtu.

Jumamosi mwanao aje na dawa ya kupe. Ukoko, kwa sasa, wape kuku.