Soseji Kwanza, Yai Mwisho

Safu ya Shangazi Jikoni

Mwezi huu nimepokea barua nne kutoka kwa wasomaji wetu wanaoishi Uingereza na Uskoti, na zote zinahusu ile sahani kubwa ya asubuhi ya wenyeji wa huko, yenye soseji, bekoni, mayai, uyoga, nyanya, maharagwe na mkate wa kukaanga. Nimeona nizijibu pamoja.

*Shikamoo Shangazi. Ninaishi Reading na mke wangu, ambaye ni Mwingereza. Kila baba mkwe anapotutembelea siku ya Jumapili, hutaka nimpikie kiamshakinywa cha kwao, nami kila mara huaibika. Soseji huungua nje huku ndani zikiwa mbichi, bekoni huchemka badala ya kukaangika, na mayai hufika mezani yamekwisha kupoa. Nina kikaango kimoja kikubwa, sufuria mbili, jiko la gesi na oveni. Ninakosea wapi?*

Marahaba, mwanangu. Kwa maelezo yako, inaonekana unatia vitu vyote kikaangoni karibu kwa wakati mmoja na kwa moto uleule, ilhali katika sahani hii kila kitu kina dakika zake. Soseji nene hutaka dakika 20 au zaidi, na yai halifikishi hata 4. Niliwahi kufanya kazi majira mawili ya baridi katika jiko la mkahawa mdogo wa Kiingereza, wa aina ile inayofunguliwa alfajiri kwa ajili ya mafundi ujenzi na madereva wa malori, na jambo la kwanza nililofundishwa, kabla hata ya kushika mwiko, lilikuwa kuwasha oveni kwa moto mdogo wa nyuzi 100 hivi na kuweka humo sahani tupu. Yai lililopakuliwa kwenye sahani baridi hupoa kabla hujalifikisha mezani, na hapo mpishi hulaumiwa bure. Oveni hiyohiyo ndiyo itakayokutunzia kila kitakachoiva mapema.

Tuseme baba mkwe ataketi saa tatu kamili. Soseji ziingie kikaangoni saa 2:20, kikaango kikiwa bado baridi, pamoja na kijiko kimoja cha mafuta, ndipo uwashe moto mdogo. Zigeuze mara kwa mara bila haraka. Zikipata rangi ya kahawia polepole, mafuta yaliyomo huyeyuka na kuilainisha nyama, na joto hupata wasaa wa kufika katikati. Ukizipiga moto mkali, ngozi hukauka na kupasuka huku ndani kukiwa bado kwekundu, jambo ambalo umeshalishuhudia mwenyewe. Ukiwa na kipimajoto, shabaha ni nyuzi 70 katikati ya soseji kwa muda wa dakika 2. Usizitoboe kwa uma. Tabia hiyo ni ya enzi za soseji zilizojaa maji na makombo ya mkate, ambazo zilipasuka kwa kishindo kikaangoni, na soseji nzuri ya leo ikitobolewa hupoteza utamu wake wote. Nasema nzuri kwa sababu sheria ya Uingereza inaruhusu soseji iitwe ya nguruwe hata ikiwa na asilimia 42 tu ya nyama hiyo. Soma kibandiko, utafute iliyofika 80 au zaidi, kisha uchague kati ya ile ya Cumberland iliyokolea pilipili manga na ile ya Lincolnshire inayonukia majani ya seji.

Ifikapo saa tatu kasorobo, hamishia soseji kwenye oveni, uongeze moto, na uanze bekoni. Tatizo lako la bekoni kuchemka halitokani na mkono wako. Bekoni nyingi ya bei nafuu hudungwa maji ya chumvi kiwandani, na ikiguswa na moto maji hayo hutoka kama povu jeupe linalotuama kikaangoni, nyama ikabaki inatokota humo. Nunua iliyokaushwa kwa chumvi kavu, au kama umekwisha kununua ile nyingine, yamwage maji hayo mara tu yanapotoka na uendelee. Bekoni ya Waingereza hukatwa mgongoni mwa nguruwe na huwa na ukingo wa mafuta upande mmoja. Uchanje kwa mkasi mahali patatu au panne ili kipande kisijikunje, kisha ukisimamishe kwa huo ukingo kwa nusu dakika, mpaka mafuta yaanze kuchuruzika, ndipo ukilaze. Pembeni yake weka nyanya zilizokatwa nusu, upande uliokatwa ukiwa chini. Kama baba mkwe anapenda soseji nyeusi ya damu, ambayo msomaji wa Kenya ataitambua kuwa na undugu na mutura ingawa hii huungwa kwa shayiri, ikate vipande vya unene wa kidole na uikaange dakika tatu kila upande. Uyoga upike kwenye sufuria, kwanza bila mafuta, mpaka maji yake yakauke. Chumvi na siagi hufuata baadaye.

Bekoni ikiisha kwenda oveni, usikioshe kikaango. Mafuta yaliyobaki ndiyo yatakayokaangia mkate, na mkate unaofaa ni mweupe wa jana uliokauka kidogo. Mafuta yawe moto kabisa, dakika moja tu kila upande, kwa sababu mafuta ya uvuguvugu hunyonywa na mkate mpaka ukawa kama sifongo.

Mayai yaingie saa 2:56. Vunjia kila yai kwenye kikombe kwanza, ulimimine taratibu kwenye moto wa wastani, uinamishe kikaango, na uyateke mafuta kwa kijiko ukiyamwagia juu ya ute mpaka ule utando unaofunika kiini ugeuke mweupe. Kiini kibaki laini. Usiogope hilo: mayai ya Uingereza yenye muhuri wa simba hutoka kwa kuku waliochanjwa dhidi ya salmonela, na mwaka 2017 mamlaka ya chakula ya huko ilitamka kwamba hata wajawazito na watoto wadogo wanaweza kuyala yakiwa hivyo. Mezani weka chupa ya HP, ile sosi ya kahawia yenye picha ya Bunge la Uingereza. Ndani yake mna tende na ukwaju, kwa hiyo huenda wewe ukaipenda kuliko mkweo.

*Assalamu alaikum, Shangazi. Niko Leicester. Wanangu wanasikia habari za kiamshakinywa hiki shuleni na wanakitaka nyumbani, lakini sisi hatuli nguruwe. Je, kikitolewa nguruwe kinabaki nini?*

Wa alaikum salaam, mwanangu. Kinabaki kingi, tena una bahati ya kuishi katika mji ambao mabucha ya halali hayana shida kupatikana. Usidhani kwamba kuibadilisha bekoni ni kuiharibu sahani ya watu. Januari 1940, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, bekoni iliwekwa kwenye mgawo, na Waingereza wenyewe wakatengenezewa kitu kilichoitwa makoni, yaani nyama ya kondoo iliyokaushwa kama bekoni. Mgawo wa nyama ulikwisha Julai 1954, nayo makoni ikasahaulika. Leo utapata vipande vya bata mzinga au vya ng'ombe vilivyotengenezwa kwa mfano huo. Havina mafuta ya kutosha, hivyo vikaange kwa samli kijiko kimoja, moto mkali, dakika mbili tu, la sivyo vitakuwa vikavu kama karatasi. Samli hiyohiyo itakutosha kwa mkate na mayai, na kwa kweli mkate uliokaangwa kwa samli sijauona mfano wake.

Kwenye soseji uwe macho. Kuandikwa kwamba ni ya ng'ombe hakutoshi, kwa sababu ngozi inayoifunika na mafuta yaliyochanganywa huweza kuwa ya mnyama mwingine. Tafuta iliyothibitishwa kuwa halali. Soseji nyeusi iache kabisa, maana ni damu. Na msile sahani hii mkahawani kwa kuondolewa bekoni tu. Pale nilipofanya kazi, yai la mteja asiyekula nguruwe lilikaangwa kwenye kikaango kilekile cha bekoni, na niliponung'unika niliambiwa kwamba yai ni yai.

*Shangazi, je, maharagwe ya kopo ni lazima? Kwetu Tanga maharagwe hupikwa kwa nazi, na haya matamu ya nyanya siyawezi. Mwanafunzi, London.*

Si lazima. Wako Waingereza wanaoshikilia kwamba maharagwe ni mgeni katika sahani hiyo, na historia inawaunga mkono kiasi, kwani yalitoka Marekani: Heinz waliyauza kwanza mwaka 1886 katika duka la Fortnum & Mason hapo hapo London, yakiwa bidhaa ya anasa. Ukiamua kuyala, usiyapashe moto tu. Yaache yatokote kwa moto mdogo dakika kumi, mpaka rojo lake liwe zito, kisha ongeza siagi kidogo na pilipili manga, na utamu ule unaokukera utapungua. Yaweke kwenye kibakuli chake ili rojo lisivamie yai, jambo ambalo Waingereza hugombania kwa dhati kabisa. Ya nazi, mwanangu, yatunze ule na wali au chapati jioni. Nazi na bekoni havipatani, nimejaribu.

*Shikamoo Shangazi. Mimi nipo Glasgow, na majirani zangu wanasema kwamba niliyowapikia ni ya Kiingereza, si ya kwao. Walikosa nini?*

Marahaba. Walikosa vitu viwili. Cha kwanza ni soseji ya mraba, ambayo haina ngozi: nyama ya kusaga, mara nyingi ya ng'ombe au ya ng'ombe na nguruwe, huchanganywa na makombo ya mkate na viungo, hugandishwa kwenye chombo kama cha kuokea mkate, kisha hukatwa slesi na kukaangwa dakika nne hivi kila upande. Cha pili ni chapati ya viazi, na hapo ndipo utawazidi wenyeji. Chemsha nusu kilo ya viazi, uvichuje na kuvirudisha motoni kidogo vikauke, uviponde vikiwa bado na moto, utie siagi vijiko viwili na chumvi, kisha unga wa ngano gramu 100 hadi 125, ukiongeza kidogo kidogo mpaka donge liache kushika mikono. Usikande kama unavyokanda chapati ya kwetu, maana viazi vikikandwa sana huwa kama gundi. Sukuma duara la unene wa nusu sentimita, ulikate robo nne, uchome kwenye chuma kikavu mpaka madoa ya kahawia yatokee. Hiyo yote uifanye Jumamosi usiku. Asubuhi, bekoni ikitoka tu, zitie robo hizo kwenye mafuta yake, dakika moja kila upande, na uwaite majirani.