Maswali yenu kuhusu Vizsla, mbwa wa windo anayelala sebuleni

Vizsla ni mbwa wa Hungaria, mwenye manyoya mafupi ya rangi ya dhahabu iliyoiva. Amefugwa kwa kazi zote za windo: kunusa ndege kwenye nyasi, kusimama kimya ili mwindaji ajue walipo, kisha kumleta aliyepigwa, awe nchi kavu au majini. Leo wengi wao wako kwa familia zisizowinda kabisa, na barua nyingi tunazopata zinatoka huko.

Mbwa wetu wa miezi minne akiona njiwa anaganda, mguu mmoja juu, hata tukimwita hasikii. Ni kifafa? (Toronto)

Siyo kifafa. Anawasimamia ndege, yaani anaganda kimya kumwonyesha mwindaji walipo, na hakuna aliyemfundisha. Kifafa kipo kweli kwenye uzao huu, lakini sura yake ni nyingine: mbwa huanguka, miguu hukakamaa na kutikisika, mate humtoka, pengine hujikojolea, na akiamka huwa kama hajui alipo. Anayesimamia ndege yuko macho, pua inacheza, mkia umenyooka. Usimkemee, maana atadhani ndege ni hatari, au wewe ndiye hatari. Msogelee polepole, mshike kola, msifu kwa sauti ya chini, muondoke. Ukibaki na shaka, mrekodi kwa simu umwonyeshe daktari wa mifugo.

Tuko Minneapolis. Vizsla wetu ana miezi sita, na mume wangu anataka awe anamkimbiza kando ya baiskeli kila asubuhi ili mchana atulie. Inafaa? (Msomaji, Marekani)

Bado, dada. Ncha za mifupa ya miguu yake ndipo inapokulia, na kwa sasa ni laini. Kwa mbwa wa ukubwa huu ncha hizo huacha kukua na kuwa ngumu kwenye mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Kinachomuumiza ni mbio za mwendo mmoja juu ya lami, ambazo hawezi kuzikatisha mwenyewe. Akikimbia kwenye nyasi kwa hiari yake, akisimama anapotaka, hakuna ubaya. Baiskeli isubiri hadi atimize miezi 18.

Tena, mbio peke yake hazitamtuliza. Zinamjengea pumzi, na baada ya muda saa moja inakuwa kupasha misuli tu. Ipe kazi pua. Chukua nusu ya chakula chake cha asubuhi, mtu amshike, nawe utawanye punje kama kumi kwenye nyasi, eneo la hatua nne kwa nne, huku akiona. Mwachie kwa neno moja lisilobadilika, mfano "tafuta". Akishaelewa, zifiche asione, naye aanzie upande ambao upepo unamletea harufu usoni. Baadaye zifiche kwenye nyasi ndefu, chini ya majani makavu, nyuma ya magogo. Akiinasa harufu utamwona: kichwa kinageuka ghafla, mkia unaongeza kasi, anarudi alikopita akienda upande huu na huu. Usimwonyeshe kwa kidole. Akianza kukutazama usoni badala ya kunusa, eneo ni kubwa mno kwake, lipunguze. Robo saa ya kazi hii humlaza usingizi wa kweli. Akiwa mbwa mzima bado atataka saa moja na nusu hadi mbili nje kila siku, na sehemu ya muda huo awe bila kamba mahali salama.

Ananifuata hadi chooni. Nikienda kazini majirani wanasema analia saa nzima. Namwacha alie ili azoee, lakini hazoei. (Birmingham)

Hatazoea kwa njia hiyo. Mbwa huyu amechaguliwa kizazi baada ya kizazi afanye kazi karibu na mtu wake, na anayelia kwa hofu hujifunza kwamba kweli kuachwa kunatisha. Anza upya, ukiwa ndani ya nyumba.

Weka lango la watoto (kizuizi kifupi cha mlangoni) kwenye mlango wa jikoni. Yeye abaki ndani, wewe ukae upande wa pili sekunde chache, urudi kabla hajaanza kulia. Urefu wa muda uuchanganye: sekunde kumi, ishirini, tano, thelathini. Ukiuongeza tu kila mara, atagundua kwamba kila zamu ni mbaya kuliko iliyopita. Akitulia dakika tano, hamia kwenye dalili za safari. Shika funguo, vaa viatu, kisha keti utazame televisheni. Rudia hadi mlio wa funguo usimwinue kichwa. Hapo ndipo uje mlango wa nje, tena kwa sekunde.

Mwekee simu ya zamani imrekodi, maana kimya siyo utulivu. Tazama kama anahema mdomo wazi ilhali hakuna joto, anajilamba midomo, anazungukazunguka, au haligusi tonge la nyama uliloliacha. Tunaiamini zaidi hii ya mwisho: Vizsla anayeacha nyama ameogopa, hajanuna. Akiweza nusu saa kwa raha, hatua zinazofuata huwa za haraka zaidi. Wiki hizo zote asiachwe kupita kiwango alichofikia, hata kwa siku moja, kwa hiyo tafuta jirani au mtu wa kumlipa akae naye. Na kama anajiumiza kucha au meno mlangoni, mpeleke kwa daktari, kwa sababu kuna dawa zinazopunguza hofu kiasi cha mazoezi kushika. Hata aliyezoea vizuri tusingemwacha peke yake zaidi ya saa nne.

Anaiba soksi za mtoto na kukimbia nazo. (Nairobi)

Usimkimbize. Ukimfukuza, unaugeuza wizi kuwa mchezo, au anaimeza soksi haraka ili usiipate, na soksi ikikwama kwenye utumbo ni upasuaji. Mletee kipande cha nyama, abadilishe, kisha mpe kitu chake cha kubeba. Mdomo wake umeumbwa kubeba, na hilo huliondoi.

Mfuko wa chakula unasema gramu 450 kwa siku. Nampa pungufu, mbavu zinaonekana kidogo, na shemeji anasema namtesa. Ana kilo 25. (Kampala)

Kwa Vizsla mwenye afya, mbavu mbili tatu za nyuma kuonekana anapogeuka ni kawaida. Uti wa mgongo na nyonga zikichomoza, hapo shemeji ana haki. Mbwa mzima wa kilo 25 mwenye shughuli za wastani huhitaji kama kilokalori 1,250 kwa siku. Chakula kikavu chenye kilokalori 3,700 kwa kilo maana yake ni gramu 340 hivi. Pima kwa mizani, vikombe hudanganya. Siku za mbio ndefu ongeza juu yake, isizidi nusu ya kiasi hicho.

Gawa milo miwili, na asikimbie saa moja kabla ya kula wala saa mbili baada ya kula. Mbwa wenye kifua kirefu kama huyu hupatwa na tumbo kujaa gesi na kujipinda. Akijaribu kutapika bila kutoa kitu, tumbo likawa gumu kama ngoma, usingoje asubuhi. Saa chache zinatosha kumuua.

Mume wangu ana Vizsla wa kuwinda. Mimi ni Mwislamu wa madhehebu ya Shafii, ambako mbwa ni najisi, kutoka Mombasa. Tutaishije nyumba moja? (Hamburg)

Hukumu muulize sheikh wako. Mbwa wa windo ametajwa katika Sura ya al-Maida, aya ya 4, kwa hiyo swali lako si geni kwake. Upande wa mbwa: hatiririshi mate sana, lakini hulamba na huegemea watu. Chumba cha swala kiwe na mlango unaofungwa, maana lango la watoto, akiamua, ataliruka bila taabu. Nguo za swala zibaki humo. Kwa kuwa mashaka yenu yako kwenye unyevu, taulo lake likae mlango wa nje, akaushwe miguu na kidevu kabla ya kuingia. Mfundishe mkeka wake: wewe ukiingia anakwenda huko, na salamu anapewa akiwa ameketi hapo, kwa sauti tu. Mume wako ndiye amfundishe, mara tano au sita kwa siku, na kitamu kidondoke juu ya mkeka, kisitolewe mkononi.

Daktari anataka kumhasi dume wetu akiwa na miezi sita. (Dar es Salaam)

Muulize kama kuna sababu ya kiafya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulikusanya taarifa za Vizsla 2,505, na waliohasiwa walionekana kupata zaidi baadhi ya saratani. Waliohasiwa kabla au kwenye umri wa miezi sita walionekana pia kuwa na matatizo zaidi ya tabia, ikiwemo hofu ya radi. Taarifa zilitoka kwa wenye mbwa wenyewe, hivyo haithibitishi kwamba kuhasi ndiko kulikosababisha. Hata hivyo inatutosha kushauri msubiri amalize kukua, ilimradi mna ua imara na hafunguliwi kamba penye majike ya jirani. Kama mngekuwa na jike tungezungumza tofauti, kwa sababu asipofungwa kizazi anaweza kupata usaha kwenye mfuko wa uzazi.