Boti Yako Inaitwaje, na Itatambulikanaje?

Swali: Ndugu wahariri, nimenunua boti ya mbao ya mita 9, motere moja nyuma, kwa ajili ya kwenda kisiwa cha Idjwi na familia. Muuzaji ameandika "M/V" mbele ya jina kwenye mkataba. Jirani yangu anasema ile ni pirogi tu. Niandike nini?
*Mama wa Himbi, Goma*

Jibu: Mama, herufi M/V maana yake ni chombo kinachokwenda kwa injini, basi. Si sehemu ya jina, wala si cheo. Boti ya starehe yenye injini huandikwa M/Y, na ya tanga S/Y. Hata ukiziacha herufi hizo, hakuna unachopoteza. Ila usiziandike ndani ya jina, maana karatasi moja itasema "M/V Tumaini" na nyingine "Tumaini", halafu mtu aulize kama ni boti mbili.

Kinachotakiwa kuandikwa ni umbo. Mtumbwi, au pirogi kama tunavyosema hapa, ni gogo moja lililochongwa. Ukiingia ndani ukaona mkuku (boriti ndefu ya uti wa mgongo) chini, mataruma (mbavu za boti) yamepanda pande zote mbili na mbao zimepigiliwa juu yake, hiyo ni mashua. "Bato" huitwa chombo chochote, kwa hiyo kwenye mkataba neno hilo halimtambulishi mtu kitu. Andika: "mashua ya mbao, binafsi, motere ya nje", kisha jina, bandari ya nyumbani, na vipimo kwa mita. Urefu upimwe kwenye mwili wa boti, kutoka ncha ya mbele hadi ubao wa nyuma, bila kuhesabu motere inayoning'inia. Hapo ndipo wengi wanakosea, na boti ya mita 9 inageuka ya mita 9,60 kwenye karatasi nyingine.

Namba ya motere iandike pia, ila kwenye mstari wake peke yake. Motere hubadilishwa, huibwa, huuzwa; haiwezi kuwa kitambulisho cha boti. Mashua iliyoundwa ufukweni haina namba ya kiwanda, kwa hiyo ipe alama isiyofutika. Choma kwa chuma cha moto kwenye boriti kuu ya ndani namba ileile uliyopewa na ofisi inayosajili vyombo, halafu piga picha mbili: moja ya karibu, nyingine ikionyesha boriti na boti nzima. Rangi peke yake haitoshi, kwa sababu fundi akija na msasa asubuhi, jioni jina limekwisha.

Swali: Nimeonyeshwa boti ya fibagilasi iliyotoka Ulaya. Nitajuaje kama karatasi ni zake kweli?
*Msomaji wa Nguba, Bukavu*

Jibu: Simama nyuma ya boti, uso wako ukielekea mbele, kisha angalia ubao wa nyuma kwa nje, upande wa kulia, karibu na ukingo wa juu. Hapo panatakiwa kuwa na namba ya mwili wa boti. Ya Ulaya ina herufi na tarakimu 14. Mfano wa kubuni: FR-XYZ12345D415. FR ni nchi, XYZ ni kiwanda, 12345 ni namba ya boti yenyewe. D ni mwezi wa nne, kwa kuwa A ni Januari. 4 ni tarakimu ya mwisho ya mwaka wa kuundwa, yaani 2014. 15 ni mwaka wa toleo (modeli), 2015. Boti za Marekani zina 12, bila herufi za nchi.

Katika namba ya boti yenyewe hazitumiki herufi I, O wala Q. Ukiona kama O hapo, isome sifuri. Rangi ikiwa imeziba, weka karatasi nyembamba juu yake, sugua kwa penseli iliyolala, namba itajitokeza. Kibati kipya chenye riveti zinazong'aa kwenye boti iliyochakaa, au sehemu iliyosagwa na kupakwa upya, ni sababu ya kuacha pesa mfukoni. Viwanda huficha namba ya pili ndani ya boti. Mwombe muuzaji akuache uitafute. Na akikuambia kwamba boti ndogo ya familia lazima iwe na namba ya IMO (shirika la kimataifa la usafiri wa majini), usilipie kitu: hiyo yenye tarakimu 7 ni ya meli za biashara na za abiria.

Swali: Nataka kuiita boti yangu "Mungu ni Mwema", lakini ipo nyingine yenye jina hilo. Kuna ubaya?
*Msomaji wa Keshero, Goma*

Jibu: Ubaya upo siku ya hatari. Kwenye redio, anayeomba msaada hutamka jina la chombo mara 3, akifuatisha mahali alipo na idadi ya watu. Jina la maneno matatu, lenye pacha wake majini, linawapeleka waokoaji kwenye boti isiyo na shida. Chagua neno moja au mawili. Lipake pande zote mbili za mbele, na nyuma pamoja na bandari, herufi nyeupe juu ya rangi nzito au nyeusi juu ya nyeupe. Urefu wa herufi usipungue sentimita 10, na zikae juu ya mstari wa maji boti ikiwa imejaa watu, si ikiwa tupu.