Wasomaji wauliza: Mbona vita vya mezani haviishi?

Barua za safari hii zimeegemea michezo ya vita ya sanamu ndogo: orki, majoka na wachawi wa plastiki wanaopigana mezani kwa dadu na futi ya kupimia.

Wahariri, hamjambo. Tuko wanne, tunacheza toleo la 8 la Warhammer Fantasy Battle. Tunaanza saa nane mchana, na hadi saa moja usiku bado tuko zamu ya tatu. Kitabu ndicho kibaya au sisi ndio wazito? – Msomaji, Nairobi

Hatujambo. Wazito si ninyi. Unene wa kitabu nao hauna neno. Hesabuni mirusho ya dadu. Katika mchezo huo pigo moja hupita mikono miwili. Mshambuliaji anarusha kuona nani kapiga, anarusha tena kuona nani kajeruhi, mwenzake anarusha kinga ya deraya, sanamu zinaondolewa, majeruhi, safu na bendera zinajumlishwa ili kujua nani kashinda pambano, ndipo aliyeshindwa anapima ujasiri. Chukueni dadu 10 zinazopiga kwa 4 kwenda juu na kujeruhi kwa 4 kwenda juu, mbele ya kinga ya 5 kwenda juu. Wastani wa wafu ni 1.67. Kazi yote hiyo, ameanguka mmoja, pengine wawili.

Kinachokula muda zaidi ni majedwali, na hapa mna bahati, maana majedwali hayo mawili makubwa ya toleo hilo yanaingia katika sentensi chache. Kupiga: ukimzidi adui ustadi, 3 kwenda juu (na namba zinazofuata zisomwe hivyohivyo), mkilingana au akikuzidi, 4, akikuzidi zaidi ya mara mbili, 5. Kujeruhi: nguvu ikilingana na ugumu, 4, ikizidi kwa 1, 3, ikizidi kwa 2 na kuendelea, 2, ikipungua kwa 1, 5, ikipungua zaidi ya hapo, 6. Yaandikeni kwenye kadi, kitabu kikae kwenye mfuko. Halafu punguzeni majeshi yafike pointi 1,000 (pointi ni bei ya kila kikosi mchezoni) hadi mzoee.

Mkitaka kuona njia nyingine kabisa, tazameni Kings of War ya kampuni ya Mantic, iliyobuniwa na Alessio Cavatore. Humo sanamu haziondolewi moja moja. Kikosi kinabeba madhara hadi kitimke chote kwa mkupuo. Tuseme kikosi cha askari 20 kina mapigo 12 yanayopiga kwa 4, na adui ana kinga ya 4, ambayo mshambuliaji mwenyewe ndiye anayeirushia dadu: 12 yanakuwa 6, 6 yanakuwa madhara 3. Sasa mshambuliaji yuleyule anarusha dadu 2, anajumlisha na madhara, analinganisha na uthabiti wa adui, tuseme 14/16. Akifika 14 adui anayumba; akifika 16 anatimka. Kwa madhara 3 hata 12 ya dadu haitoshi kumtimua. Yakifika 8, nafasi ya kutimka ni 15 kati ya 36, ya kuyumba 11, ya kusimama imara 10. Kwa kuwa asiye na zamu hagusi dadu, mnaweza kutumia saa ya sataranji, kila mtu na dakika zake.

Ubaya wake? Madhara husahaulika. Wengi huweka dadu ndogo nyuma ya kikosi, kisha mtu anaigusa kwa kiwiko, 5 inakuwa 2, na hakuna anayekumbuka. Andikeni kwa penseli kwenye kadi ya kikosi.

Sisi ugomvi wetu ni vipimo. “Nimefika!” “Hujafika!” Tufanyeje? – Msomaji, Tanga

Kosa kubwa ni kupima kutoka mbele ya kikosi na kumalizia nyuma yake. Askari 20 waliopangwa watano kwa wanne, kila kitako (kibao cha chini ya sanamu) milimita 25, wana kina cha milimita 100, yaani karibu inchi 4. Kikosi chenye mwendo wa inchi 5 kikipimwa hivyo kinaenda 9. Wekeni futi kwenye kona ya mbele, sogezeni, na kona hiyohiyo ndiyo ikome kwenye alama.

La pili ni kugeuka. Mchezo ukitaka kikosi kizunguke kama mlango, unapimwa mwendo wa kona ya nje. Kikosi hicho cha upana wa milimita 125 kikigeuka nyuzi 45, kona yake ya nje inasafiri milimita 98. Inchi karibu 4 zimekwisha, imebaki 1. Watu hukadiria kwa macho na kujipa inchi mbili za bure bila nia mbaya. Kings of War imelikwepa hili: kikosi kinageukia katikati yake bila gharama, na kikisonga kwa mwendo wa kawaida kinaruhusiwa mgeuko mmoja wa hadi nyuzi 90.

Tatu, semeni nia kwa sauti. “Nasimama inchi 11 kutoka kwako, nje ya uvamizi wako (mbio za kushambulia) wa 10.” Mwenzako apime, akubali, mambo yaishe. Matoleo ya zamani ya Warhammer yalikataza kupima kabla ya kutangaza uvamizi. Toleo la 8, la mwaka 2010, liliruhusu. Kwa maoni yetu ule ukatazaji uliwapendelea wenye macho ya fundi seremala tu.

Sheria fupi si ndizo rahisi? – Msomaji, Kampala

Si lazima. Age of Sigmar, mchezo uliochukua nafasi ya Warhammer Fantasy Battle, ulipotoka mwaka 2015 sheria zake kuu zilikuwa kurasa 4, bure, lakini bila pointi za kusawazisha majeshi. Pointi zililetwa na kitabu cha mwaka uliofuata. Tena uzito ulihamia kwenye karatasi za vikosi, kila kimoja na sheria zake. Kabla ya kuchagua jeshi, hesabu sheria maalumu zilizomo. Mgeni asipewe zaidi ya tano au sita.

Ukitaka mchezo mdogo wenye uhai, jaribu Frostgrave: mchawi, msaidizi wake na askari wasiozidi 8. Kila mpiganaji anarusha dadu moja ya pande 20. Mwenye +3 ya upiganaji akipata 12 ana 15. Mwenye +2 akipata 9 ana 11. Mshindi anatoa deraya ya aliyeshindwa, tuseme 11, kwenye 15 yake: madhara 4. Basi. Dadu hiyo ina mayumbo makubwa, mhuni wa mtaani anaweza kumwangusha shujaa; wapo wanaolichukia hilo.

Hatuna sanamu. Makadi yanafaa? – Msomaji, Dodoma

Kwa Kings of War yanafaa sana, kwa sababu kinachohesabika ni eneo la kikosi. Kwa askari 20 wenye vitako vya milimita 20 kata kadibodi 100 × 80; wenye vitako vya 25, kata 125 × 100. Chora mshale upande wa mbele, la sivyo mtabishana ubavu uko wapi, na ubavuni mapigo huzidishwa mara 2, mgongoni mara 3.

Karatasi ya muhtasari iandikweje? – Msomaji, Nairobi

A4 moja, pande mbili. Fuata mpangilio wa zamu (mwendo, mishale, mapambano), usiende kwa alfabeti, kwa kuwa mchezaji hujiuliza “sasa nini?” kabla ya kujiuliza jina la sheria. Andika namba, acha maelezo. Yasiyotokea kila mchezo yape namba ya ukurasa tu. Mchezo wa kwanza ukiendelea, kila mara kitabu kinapofunguliwa tia alama ya penseli kwenye ukurasa huo. Ukurasa wenye alama tatu unastahili nafasi kwenye karatasi. Mstari ambao hakuna aliyeutazama michezo miwili, ufute.