AMT: unaongeza tofauti tu

Wengine husema AMT ya Marekani, yaani kodi mbadala ya kima cha chini inayokokotolewa kando ya kodi ya kawaida, inakutoza mara mbili. Hapana ndugu, haikutozi mara mbili. Unalipa kodi yako ya kawaida, kisha unaongeza tofauti kama AMT imezidi. Chukua mwaka wa kodi 2024, mtu asiye na ndoa, mapato ya AMT dola 300,000, yote ya mshahara na hisa za ISO (hisa ambazo mwajiri anampa mfanyakazi haki ya kuzinunua kwa bei iliyopangwa). Toa msamaha wa 85,700, zinabaki 214,300. Asilimia 26 yake ni 55,718. Kodi ya kawaida ikiwa 40,000, unaongeza 15,718. Huwa naijaza Fomu 6251, ile ya kukokotoa AMT, mwenyewe, na hizo ISO ndizo zinazonasa wengi: umenunua kwa bei ya chini, mwaka umeisha hujauza, lakini faida ya kwenye karatasi inahesabiwa. Kwa mwaka huo wa 2024, mapato ya AMT yakipita 609,350, msamaha ulianza kupungua.