Maswali ya Wasomaji: Kumdai Mtu Jibu kwa Kiingereza

SWALI: Mhariri, salamu. Mimi ni karani katika duka linaloagiza spea za magari Dubai. Nilimwandikia muuzaji: "You must reply my letter until Friday." Bosi anasema nimemwamrisha mtu, tena kwa Kiingereza kibovu. Nimekosea wapi?
Karani, Morogoro

JIBU: Bosi wako ana haki. Sisi husema "jibu barua" bila kuweka kitu katikati, lakini "reply" haikubali hivyo. Sharti ifuatwe na "to": "reply to my letter". Ukitaka kuikwepa, tumia "answer my letter".

Kosa la pili ni "until". "Hadi Ijumaa" yetu hubeba maana mbili, Kiingereza huzitenga. "Until Friday" ni jambo linaloendelea mpaka siku hiyo ifike, kama duka kuwa wazi. Jibu hutolewa mara moja tu, si kuendelea, kabla ya muda kwisha, kwa hiyo ni "by Friday". Taja na tarehe, maana barua huweza kusomwa wiki inayofuata.

Halafu "must". Hapo ndipo ulipomkwaza. Mtu usiye na mamlaka juu yake muombe: "Could you please reply by Friday, 14 March, so that we can confirm the order?" Hicho kipande cha "so that" usikiache. Mtu akijua jibu lake linasubiriwa kwa kazi gani, hujibu upesi.

"You are required to respond within 14 days" waachie mawakili na ofisi zenye sheria nyuma yao. Hata wao hupaswa kusema siku zinahesabiwa tangu lini: "of the date of this letter" au "of receiving this letter". Bila hivyo ugomvi wa tarehe haukwepeki.

Epuka pia "at your earliest convenience" kama una siku maalumu, kwani humpa mwenzako ruhusa ya kujibu akipata nafasi. Na "kindly revert", iliyozoeleka sana maofisini kwetu kwa maana ya "tafadhali nijibu", humbabaisha Mwingereza: kwake "revert" ni kurudia hali ya zamani.

SWALI: Nimechelewa kumjibu mfadhili wa shule. Je, niandike "I had to reply last week"?
Mwalimu, Mombasa

JIBU: Hapana, mwalimu. Hiyo humwambia kwamba ulilazimika kujibu, na atadhani ulijibu kweli. Sema "I should have replied last week": ulipaswa, hukufanya. Jihadhari na "I must have replied", ambayo maana yake ni "bila shaka nilijibu". "I owe you a reply" ni nzuri kwa mtu mliyezoeana. Kwa mfadhili anza na "I apologise for the delay in replying", kisha mpe jibu lenyewe papo hapo.

SWALI: "Si lazima ujibu" ni "You must not reply"?
Msomaji, Tanga

JIBU: La, hiyo ni "usijibu", ni marufuku. Andika "You don't have to reply" au, kwa urasmi, "There is no need to reply."